Tazama Tena

Hadithi, hadithi!

Najua mtakavyoitikia: hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea. Leo naomba tubaki na hadithi na utamu. Uwongo tuuache nje ya mlango, kwa kuwa haya nitakayowasimulia yalitokea kweli, na mengine yalitokea hapa hapa kwetu, kati ya bonde la Lambwe na maji ya Nam Lolwe, ziwa ambalo kwenye ramani limeandikwa Victoria.

Zamani, katika nchi ya Waluo, watoto walikwenda jioni siwindhe, nyumba ya bibi mzee, kusikiliza sigana, yaani hadithi. Bibi hakuanza na mambo ya mbali. Alianza na kitu ambacho watoto walikifahamu: sungura, kobe, moto wa jikoni. Nami nitaanza na kitu ambacho kila mtoto wa Mbita, Kendu Bay, Karungu au Muhuru anakijua. Nitaanza na maji.

Shuka ziwani asubuhi, upepo ukiwa bado umelala. Teka maji kwa gilasi, uiinue kwenye mwanga. Unaona nini? Pengine chembe ya mchanga, pengine ukijani kidogo. Utasema, "Maji haya ni safi." Lakini ukitaka kuyanywa, mama atakuzuia: "Ngoja yachemke kwanza." Kwa nini achemshe maji ambayo jicho lako limeyaona ni safi? Ni nani aliyemwambia kwamba mna kitu ndani?

Jibu la swali hilo lilichukua zaidi ya miaka 200 kupatikana. Lilianzia kwa mtu aliyeuza vitambaa.

Muuza vitambaa na tone la ziwa

Jina lake ni Antoni van Leeuwenhoek. Alizaliwa mwaka 1632 katika mji wa Delft, nchini Uholanzi. Hakusoma chuo kikuu. Hakujua Kilatini, lugha ya wasomi wa Ulaya siku zile. Alikuwa na duka la vitambaa, na wauza vitambaa walitumia lenzi kukagua nyuzi, wajue kama kitambaa kimefumwa vizuri au mteja anapunjwa.

Lenzi ni nini? Mvua ikikatika, nenda kwenye mgomba ukaangalie tone lililokaa juu ya jani. Mistari ya jani iliyo chini ya tone huonekana minene kuliko mistari iliyo kando. Tone limevimba katikati na kuwa jembamba pembeni, kwa hiyo mwanga ukipita ndani yake hupinda, na kwa kupinda huko kitu kidogo huonekana kikubwa. Lenzi ni kioo kilichopewa umbo la tone hilo. Na kadiri kioo kinavyokuwa kidogo na cha mviringo zaidi, ndivyo kinavyokuza zaidi.

Leeuwenhoek alitengeneza lenzi ndogo kuliko punje ya mtama. Kila moja aliibana kati ya vibati viwili vya metali, akaweka msumari mdogo wa kushikilia kitu cha kutazamwa, kisha akakisogeza chombo chote mpaka kikakaribia kugusa jicho. Katika maisha yake alitengeneza mamia ya vyombo hivyo. Vichache tu vimebaki, na kimojawapo hukuza kitu mara 270 hivi.

Chombo cha kukuza vitu vidogo tunakiita hadubini, na wengine husema maikroskopu. Hadubini ya Leeuwenhoek haikuwa ya kwanza. Watengenezaji wa miwani wa Ulaya walikuwa wamekwisha kugundua kwamba lenzi mbili zikipangwa ndani ya mrija hukuza kuliko moja. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kitabu chenye picha alizozichora kwa kutazama kupitia hadubini ya namna hiyo. Mlikuwa na kiroboto mkubwa kuliko kitabu chenyewe, mpaka ukurasa wake ukabidi kukunjuliwa. Mlikuwa pia na picha ya gamba la mti wa koki lenye vyumba vingi vidogo. Hooke aliviita vyumba hivyo kwa neno ambalo sisi leo tunalisema seli. Kila mara mwalimu anapoandika ubaoni neno seli, anatumia jina lililotokana na kitabu hicho.

Lakini yapo aliyoyaona muuza vitambaa ambayo Hooke hakuyaona. Mwaka 1674 Leeuwenhoek alifika kwenye ziwa dogo karibu na Delft. Wakati wa kiangazi maji yake yalijaa mawingu ya kijani, kama yajaavyo maji ya ghuba ya ziwa letu. Wenyeji walisema rangi ile inaletwa na umande. Leeuwenhoek hakubishana nao. Alichota maji kidogo katika chupa, akaenda nayo nyumbani, na siku iliyofuata akayatazama. Aliona nyuzi za kijani zilizojisokota kama ond, na katikati yake viumbe vidogo vikienda huku na huku, vikipanda na kushuka.

Fikirini hapo kidogo. Watu walikuwa wakiyatazama maji ya maziwa tangu watu walipoanza kuwapo. Walikunywa, waliogelea, walivua. Na wakati wote huo viumbe wale walikuwamo, wakizaliwa na kufa, bila mtu kujua habari zao.

Miaka miwili baadaye alitaka kujua kwa nini pilipili manga huwasha ulimi. Alidhani huenda ina vijimwiba visivyoonekana. Akailoweka majini kwa wiki kadhaa, kisha akatazama. Miiba hakuiona. Aliona viumbe vidogo zaidi kuliko vile vya ziwani, vidogo mno hata akasema maelfu kwa maelfu wangeenea katika punje moja ya mchanga. Hao ndio tunaowaita bakteria.

Aliandika barua ndefu kwa wasomi wa Chama cha Kifalme cha London, mwezi wa Oktoba 1676. Wasomi walishangaa, na wengi wakatia shaka. Msiwalaumu. Ukiambiwa na mtu wa mbali kwamba katika tone moja la maji mna wanyama wengi kuliko watu wa nchi nzima, ungesadiki? Leeuwenhoek alifanya jambo la busara: aliwaita majirani, wakiwamo wachungaji wa kanisa, wakatazama kwa macho yao na kuweka sahihi zao kwamba wameona. Huko London, Hooke alipewa kazi ya kujaribu mwenyewe. Majaribio ya kwanza hayakufaulu. Akatengeneza lenzi bora zaidi, akatazama tena. Mwezi wa Novemba 1677 wanachama walikusanyika, wakachungulia mmoja baada ya mwingine, wakawaona.

Liwekeni hilo akilini, maana tutalirudia tukifika kwetu. Katika sayansi haitoshi mtu mmoja kusema, "Nimeona." Sharti awaonyeshe wengine njia, nao waone.

Miaka ya kungoja

Mtauliza: kama viumbe hao walionekana mwaka 1676, mbona watu hawakujua mara moja kwamba baadhi yao huleta magonjwa?

Sababu moja ilikuwa kioo chenyewe. Lenzi za zamani ziliacha pete za rangi kama upinde wa mvua kuzunguka kila kitu, na picha ikawa na ukungu. Mwaka 1830 Mwingereza Joseph Jackson Lister alieleza namna ya kupanga lenzi ili ukungu ule uondoke. Baada ya hapo madaktari waliweza kuamini walichokiona. Mwaka 1851, katika hospitali mjini Cairo, Mjerumani Theodor Bilharz aliwaona minyoo wanaoleta kichocho, ugonjwa ambao watoto wa ufuoni kwetu wanaujua. Mwaka 1880 daktari Mfaransa, Alphonse Laveran, akiwa Constantine nchini Algeria, alitazama damu ya askari mgonjwa akaona vimelea vya malaria vikitikisa mikia yake. Mwaka 1882 Robert Koch alionyesha bakteria wa kifua kikuu. Tazameni jinsi hospitali za Afrika zilivyo katikati ya hadithi hii.

Sababu ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kioo. Kumwona mdudu katika mwili wa mgonjwa hakuthibitishi kwamba mdudu huyo ndiye aliyeleta ugonjwa. Ukikuta paka karibu na sufuria iliyomwagika, pengine ni yeye aliyeimwaga, na pengine alifika baadaye kulamba. Hakuna mahali ambapo somo hilo lilifundishwa kwa uchungu kama kando ya ziwa letu.

Usingizi ulioua

Mwanzoni mwa karne ya 20, watu wa pwani za ziwa hili walianza kufa kwa ugonjwa wa ajabu. Mgonjwa alipata homa na kuumwa kichwa. Shingo ilivimba. Baada ya miezi tabia yake ilibadilika, akawa mzito wa kusema, akasinzia mchana akiwa na chakula mkononi, na mwisho akalala usingizi asioamka tena. Huo ndio ugonjwa wa malale. Mwaka 1901 ndugu wawili madaktari, Albert na Jack Cook wa Hospitali ya Mengo nchini Uganda, walianza kuwaona wagonjwa hao. Katika miaka michache zaidi ya watu 200,000 walikufa, wengi wao Busoga na katika visiwa vya Uganda. Vijiji vizima vilibaki magofu.

Ugonjwa haukusimama mpakani. Ulifuata ufuo mpaka mashariki mwa ziwa, nchi ambayo wakoloni waliiita Kavirondo, na humo ndimo zilimo kaunti zetu za leo za Homa Bay na Migori. Hakuna aliyejua unatoka wapi.

Mwaka 1902 Chama cha Kifalme, kile kile kilichopokea barua za Leeuwenhoek, kilituma watu watatu: George Carmichael Low, Aldo Castellani na Cuthbert Christy. Reli ilikuwa imefika Kisumu miezi michache tu kabla. Walikuja na hadubini zao, na walikuja pia na jibu kichwani. Mwalimu wao mkubwa huko London, Patrick Manson, alidhani ugonjwa huu unaletwa na mnyoo mwembamba wa damu aina ya filaria, kwa kuwa mnyoo huyo alikuwa ameonekana katika damu ya wagonjwa.

Wakaanza kuchukua matone ya damu na kuyatazama. Huko Uganda mnyoo alikuwapo kwa wagonjwa, ila alikuwapo pia kwa watu wenye afya nzuri. Kisha ikatazamwa damu ya watu wa Kavirondo. Huku ugonjwa ulikuwapo, tena ukiua, lakini mnyoo hakuwapo! Basi mnyoo alikuwa yule paka aliyekutwa karibu na sufuria. Wazo la mwalimu mkubwa wa London liliangushwa na matone ya damu ya watu wa ufuo wa mashariki, watu ambao majina yao hayakuandikwa katika vitabu. Mkisoma habari za wavumbuzi, wakumbukeni na hao waliotoa kidole kichomwe.

Castellani alikuwa Mwitaliano wa miaka 28. Alibaki Entebbe akifanya kazi peke yake, na kwanza naye alikosea. Aliona bakteria katika miili ya waliokufa, akaamini kwamba wao ndio waletao malale. Siku moja ya Novemba 1902 alikuwa akichunguza majimaji ya uti wa mgongo wa mgonjwa. Aliyaweka katika mashine inayozungusha chupa kwa kasi, ili vilivyomo vizame chini, kisha akaweka tone la mashapo kwenye kipande cha kioo. Chini ya lenzi kitu kilipita kikijinyonganyonga kama samaki aina ya kamongo kwenye tope. Kilikuwa kimelea kiitwacho tripanosoma.

Je, kina ukubwa gani? Chukua milimita moja, ile nafasi ndogo kabisa kwenye rula yako, uigawe mara 1,000. Kila kipande ni mikromita moja. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 au 8. Tripanosoma ina urefu wa kama 20 hadi 30, na ubavuni ina utando unaopepea kama tanga la mashua likishikwa na upepo.

Castellani angeweza kusema, "Mimi nimekwisha kupata bakteria wangu, huyu ni mgeni tu." Akatazama tena. Akapima wagonjwa wengine, na wengi wao walikuwa na kimelea kile kile. Kwa muda aliyashika mawazo yote mawili, la bakteria na la tripanosoma, akasitasita. Mwezi wa Machi 1903 akafika daktari David Bruce, na Castellani akamwonyesha.

Bruce alikuwa na sababu ya kusikiliza haraka. Miaka minane hivi kabla ya hapo, yeye na mkewe Mary walikuwa Zululand, kusini mwa Afrika, wakichunguza ugonjwa wa ng'ombe uitwao nagana. Mary alifanya naye kazi ya hadubini. Waligundua kwamba nagana huletwa na tripanosoma, na kwamba anayeichukua kutoka mnyama hadi mnyama ni nzi mnyonya damu: mbung'o. Wafugaji wa Afrika walikuwa wamejua zamani kwamba ng'ombe akipita kwenye mbung'o atakonda na kufa. Hadubini ilionyesha kilichokuwa ndani ya jambo hilo.

Basi kama malale nayo ina tripanosoma, je, nayo huletwa na mbung'o?

Chupa za nzi na ramani mbili

Hapa hadubini ilihitaji msaada wa miguu ya watu wengi. Bruce alimwomba Apolo Kagwa, Katikiro (waziri mkuu) wa Buganda, awasaidie. Machifu, wamisionari na watu wa vijijini wakakamata nzi wa mahali pao na kuwapeleka Entebbe, kila kifurushi kikiwa na jina la mahali walipotoka. Nzi wakatazamwa mmoja mmoja: huyu ni mbung'o, huyu siye. Kila mahali palipokuwa na mbung'o palitiwa alama kwenye ramani. Kwenye ramani ya pili zikatiwa alama za mahali penye wagonjwa. Christy alikuwa amezunguka pwani na bara akiandika wapi ugonjwa upo na wapi unakoma.

Ramani mbili zikawekwa pamoja. Mbung'o alikaa kwenye vichaka vya ufuoni na visiwani, penye kivuli na unyevu, na huko huko ndiko walikokuwa wagonjwa. Ukipanda bara, mbung'o huyo humwoni, na malale nayo inakoma. Mvuvi anayetengeneza nyavu chini ya mti, mama anayeteka maji penye kichaka, mtoto anayeoga: hao ndio walioumwa.

Kuona si kuponya, na hili lazima niwaambie mlijue. Mwaka 1906 Koch mwenyewe, bingwa wa hadubini, alikuja katika visiwa vya Ssese akajaribu dawa iitwayo Atoxyl. Vimelea vilitoweka katika damu kwa muda, lakini baadhi ya wagonjwa wakapofuka, na wengi wakarudiwa na ugonjwa. Serikali ya kikoloni ya Uganda nayo iliwahamisha watu kwa nguvu kutoka pwani na visiwani, wakaacha mashamba, makaburi na mitumbwi yao. Elimu iliyopatikana kwa kutazama kwa makini inaweza kutumiwa bila huruma. Nanyi mtakapokuja kuwa na elimu, msisahau kwamba nyuma ya kila tone la damu yuko mtu.

Bonde la Lambwe

Twende sasa bonde la Lambwe, katika kaunti ya Homa Bay. Humo mna Hifadhi ya Taifa ya Ruma, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 120, na ndipo mahali pekee nchini Kenya panapoishi swala mkubwa aitwaye korongo. Bonde hilo lilikuwa na mbung'o wa aina nyingine, apendaye vichaka vya bara, na tripanosoma ya aina nyingine, inayoua kwa haraka zaidi.

Watafiti wakajiuliza: watu wakitibiwa wote, mbona ugonjwa unarudi? Unajificha wapi? Mwaka 1958, huku huku Nyanza, walitazama damu ya pongo, yule mnyama mwenye haya anayekaa vichakani, na kimelea cha binadamu kikapatikana humo. Mwaka 1966 R. J. Onyango na wenzake van Hoeve na de Raadt walionyesha, kwa uchunguzi wa Alego, ng'ambo ya ghuba yetu, kwamba ng'ombe wa nyumbani naye anaweza kukibeba. Ng'ombe anaonekana mzima, anatoa maziwa, kumbe amebeba. Basi ikajulikana kwamba kumtibu mtu peke yake hakutoshi: lazima mbung'o apunguzwe, na mifugo itibiwe. Ikawekwa mitego ya nguo za buluu na nyeusi, rangi zinazomvuta mbung'o, na mifugo ikapuliziwa dawa.

Kazi hiyo iliendelea miaka mingi. Mtu wa mwisho kuambukizwa malale ndani ya Kenya alipatikana mwaka 2009. Mwezi wa Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeutokomeza ugonjwa wa malale kama tatizo la afya ya umma. Maana yake ni kwamba hauui vijiji tena, na kwamba walinzi bado wako macho, wakipima na kutazama, usije ukarudi kimya kimya.

Mbita, na anayetazama leo

Mnaweza kudhani kwamba siku za kugundua mambo mapya kwa hadubini zilikwisha na watu wa kale. Hapana. Pale Mbita Point, karibu na daraja la kwenda Rusinga, kuna kituo cha utafiti wa wadudu cha shirika la ICIPE. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Risley Odhiambo, Mkenya aliyeamini kwamba wadudu wa Afrika wachunguzwe na Waafrika katika nchi zao wenyewe. Leo kituo cha Mbita kina jina lake.

Mwaka 2020 watafiti wa ICIPE na wenzao walitangaza jambo walilolipata kwa mbu wa kandokando ya ziwa letu. Ndani ya mwili wa baadhi ya mbu mnaishi kijiumbe kidogo, walichokiita Microsporidia MB. Mbu mwenye kijiumbe hicho haonekani kudhurika, lakini vimelea vya malaria havikui ndani yake. Mbu mama hukirithisha kwa watoto wake. Watafiti wanaendelea kuchunguza kama kinaweza kusambazwa ili kupunguza malaria. Tangu zamani za kale mbu hao walikuwa wakilia masikioni mwa watu wa Mbita usiku, na siri ile walikuwa nayo. Ilingoja mtu wa kutazama tena.

Kuna na mtazamaji mwingine ambaye huenda mnamfahamu. Ukipata homa ukapelekwa zahanati ya Ndhiwa, Rongo, Nyatike au Kuria, mhudumu wa maabara hukuchoma kidole, akapaka tone la damu juu ya slaidi, akaitia rangi ya Giemsa inayofanya vimelea viwe vya zambarau. Kisha huweka tone la mafuta juu ya kioo, akashusha lenzi mpaka ikaguse mafuta. Lenzi ya chini inakuza mara 100, ya juu mara 10, na kwa pamoja kitu huonekana mara 1,000 ya ukubwa wake. Anatafuta vipete vidogo vyenye kito kimoja, ndani ya chembe nyekundu. Akivipata, anavihesabu huku akihesabu chembe nyeupe 200, ili daktari ajue malaria yako ni kali kiasi gani. Akikosa kuona mara ya kwanza, hasemi upesi kwamba hamna kitu. Husogeza slaidi, akatazama sehemu nyingine, na nyingine. Wewe uko nje kwenye benchi, umeegemea bega la mama, na maisha yako yako katika subira ya macho yake.

Na chanjo ya malaria iliyozinduliwa nchini kwetu katika kaunti hii hii ya Homa Bay, Septemba 2019, mizizi yake inarudi nyuma mpaka kwenye lile tone la damu alilolitazama Laveran huko Algeria.

Sasa ni zamu yako

Huna hadubini? Leeuwenhoek naye hakuuziwa ya kwake dukani. Tafuta waya mwembamba, upinde ncha yake iwe kitanzi cha upana wa punje ya mtama. Kichovye katika maji safi, ukitoe polepole, tone litanasa humo. Kilete karibu na jicho, na chini yake weka gazeti: herufi zitakua. Usilielekeze juani hata kidogo, maana jua litaumiza jicho. Kisha tazama mguu wa siafu, unyoya wa kuku, gamba la ngege.

Chora unachokiona. Mpe rafiki yako kitanzi, achore naye bila kuona mchoro wako. Halafu wekeni michoro miwili pamoja, kama zile ramani mbili za Entebbe. Ikitofautiana, msigombane, wala asishinde mwenye sauti kubwa. Chovyeni waya tena, mtazame tena.

Bibi wa siwindhe alipomaliza sigana alisema, "Thu tinda!" na watoto wakaomba wakue warefu kama mti ulioko kwa mjomba. Nami nawaombea vivyo hivyo. Mkue warefu kama mti ule, na mkiwa mmefika juu, mjue bado kuinama chini kulitazama tone.